Sheikh Ghalib wa Bweni na Chaa Aliyekula Unyoya

Enyi wa bara na enyi wa visiwani, mlioko kivulini na mlioko juani, acheni kukuna nazi, wekeni chini ukili mnaosuka, na aliye na kikohozi na akohoe sasa akimalize, kwa maana habari hii haitaki kukatizwa. Wako waliosimulia wafalme waliobomoa miji, na majemadari waliovuka majangwa na majeshi yasiyohesabika. Hao na waendelee kusimuliwa na wanaowapenda. Hapa anasimuliwa Sheikh Ghalib bin Muhsin wa Bweni, huko ncha ya kaskazini ya Mafia, mwenye minazi mingi na subira haba, simba wa baraza, mwepesi wa kiapo, mpenzi wa samaki kuliko wapenzi wote wa samaki, ambaye katika zama za Mfalme Joji, bendera ya Mwingereza ikipepea juu ya Tanganyika nzima, aliinuka kupigana na bahari akiwa na silaha ya unyoya.

Na unyoya huo ulikujaje Bweni? Ulikuja na Mwingereza mmoja, mtu mrefu mwekundu kama kaa aliyechemshwa, aliyetumwa kukagua taa ya mnara wa Ras Mkumbi. Kaskazi ilikuwa inakufa na bahari imetulia. Kwa kuwa Sheikh Ghalib ndiye mwenye nyumba ya mawe na moyo wa kukaribisha wageni, mgeni alifikia kwake. Kiswahili cha Bwana huyo kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka, kimepigwa pasi, ila hakikujua kwamba maneno mengine yana milango miwili. Asubuhi ya kwanza alitoka na ufito wake hadi pwani, akawakuta wanawake wanaokota chaza, akavua kofia kwa adabu, akatangaza kwa sauti kubwa: "Akina mama, msiogope! Mimi leo nitavua hapa mbele yenu!"

Akina mama hawakungoja kujua atavua nini. Kofia tayari ilikuwa imeshavuliwa, na iliyobaki ni suruali. Walinyakua ndoo zao wakatimka kuelekea minazini, na Kidawa, jirani wa Sheikh Ghalib, aliacha ndara yake moja mchangani, wala hakuirudia. Wakiwa huko nyuma ya minazi, wamejifunika nyuso na kuchungulia kati ya vidole, walimwona Bwana akiurusha mshipi hewani, ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, na mwisho wa mshipi hapakuwa na dagaa wala kipande cha ngisi, palikuwa na unyoya mtupu uliofungwa kwenye ndoana. Na kolekole mrefu kama mkono wa mtu akapanda, akaumeza unyoya, akaletwa nchi kavu. Tangu siku hiyo aliitwa Bwana Unyoya.

Sheikh Ghalib alikuwa amesimama pale, na alichokiona kilimteka moyo. Muda wote wa ugeni ule hakuzungumza la minazi wala la mbata, ni unyoya tu. Siku ya kuagana, Bwana Unyoya, aliyekula vizuri na kulala vizuri, akamkabidhi mwenyeji wake ufito, gurudumu la mshipi na mkebe uliojaa manyoya yaliyofungwa tayari. Motaboti ikaguruma, ikaanza kurudi nyuma, na hapo ndipo Sheikh Ghalib alipokumbuka swali kubwa kuliko yote. Akaingia majini na kanzu yake hadi magotini, akapaza sauti: "Bwana! Majira gani yaliyo bora kwa kazi hii?"

Bwana Unyoya akaikunja mikono mdomoni. Likatoka neno moja, likapita juu ya ngurumo ya mashine na kufika pwani. "Demani!" Kisha motaboti ikageuka, ikaenda zake, na neno likabaki Bweni peke yake bila mtu wa kulifafanua.

Jioni hiyo wanaume walikaa barazani kwa Sheikh Ghalib, na yeye akauweka ufito magotini kama upanga, akawasimulia. Alikuwapo Kombo, mwenye madema mengi kuliko mtu yeyote wa Bweni, ambaye mitego yake ilijaza samaki bila yeye kutoa jasho, na kwa sababu hiyo alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwacheka wengine. Kombo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu: "Sheikh Ghalib, kwetu sisi unyoya ni wa kuchokolea sikio. Na samaki wa Bweni, kwa nijuavyo mimi, hana sikio."

Baraza likaangua kicheko. Walicheka hata wasiopenda kucheka, na mmoja alilazimika kushikwa asianguke. Basi hapo Sheikh Ghalib akainuka, uso umemwiva, kidole kikielekea mbinguni, akanena maneno ambayo mnyamavu yeyote angeyameza.

"Sikilizeni enyi mliozaliwa na midomo mipana! Mnacheka msichokijua! Wallahi, billahi, tallahi, kuanzia saa hii, samaki aliyevuliwa na mkono usio wangu, kwa chombo kisicho unyoya huu, hatapita kwenye koo hili! Nitakula kunde. Nitakula kisamvu. Nitakula hata majani, mbuzi wakiniachia! Lakini samaki nitakayemla mimi ni yule aliyekula unyoya!"

Ndani, upawa ukasikika ukianguka sakafuni. Ulikuwa wa Bi Jokha binti Ameir, mke wa Sheikh, ambaye mchana kutwa alikuwa akihangaika na changu wa kupaka, tui zito, ndimu na pilipili, na sasa alikuwa anamtoa jikoni. Sauti yake ikaja kupitia mlangoni, tulivu kabisa: "Bwana, ungeapa baada ya chakula."

Lakini kiapo kilikuwa kimeshatoka, na Sheikh Ghalib hakuwa mtu wa kulamba matapishi. Mwalimu Iddi wa chuoni alimwendea kesho yake kumweleza kwa upole kwamba kiapo kina kafara yake, walishe maskini, dini ni nyepesi, arudie samaki wake. Sheikh akamjibu kwamba kafara ni ya aliyeshindwa, na yeye vita hajavianza. Wengine wakamletea fatwa zao za barazani kwamba pweza si samaki, kwa kuwa hana magamba, na kaa si samaki, kwa kuwa anatembea. Hapo Sheikh aliyumba kidogo, maana pweza wa nazi alimpenda, ila fahari ikamrudisha. "Ikinitazama vibaya," akasema, "hata chumvi ya bahari sitailamba."

Ole wake mwenye kiapo akaaye Bweni! Kwani Bweni samaki si chakula, ni hewa. Kila moshi uliopanda ulikuwa na samaki ndani yake. Kila jioni Sheikh Ghalib alikaa barazani na sahani yake ya kunde, na uani, upande wa wanawake, Bi Jokha alikula na Kidawa na wengine, na harufu ya changu ikavuka ukuta, ikamzunguka Sheikh, ikampapasa mashavu. Alikuwa akimsikia mkewe akisema, "Leo mchuzi umekubali," na moyo wake ulinung'unika. Mwanamke huyu, aliwaza, hana huruma, kila siku anapika na kila siku anasifu. Kanzu ikaanza kumning'inia. Alipokuwa akipita njiani paka wa Bweni walimtazama kama mwenzao.

Basi ikapasa kuamua kuhusu majira, na baraza la majira likaitishwa. Ikasemwa kuhusu Kaskazi, mfalme mkavu wa macho maangavu, ambaye ndani ya maji yake mtu huona vidole vya miguu, na Mwalimu Iddi akamtetea kwa hoja ndefu. Ikasemwa kuhusu Masika, mama wa matope, naye akatetewa na Kombo peke yake, aliyedai kwamba wakati huo kumbikumbi huruka na samaki huenda wakadhani unyoya ni mmoja wao. Ikasemwa kuhusu Kusi, jitu lenye kifua kipana, ambalo siku hizo ndilo lililoshika bahari na kupiga minazi makofi, na hakuna aliyethubutu kulitetea. Mwisho ikasemwa kuhusu Demani, majira yale matamu Kusi inapochoka na upepo kuwa laini, ambayo Bwana Unyoya alikuwa ameyataja kwa jina. Sheikh Ghalib akapiga goti kwa kiganja. "Ndiyo hayo! Tutaingoja demani."

Hapo akasimama Nahodha Mfaume, mtu wa chombo tangu utoto, rafiki wa Sheikh wa kuchanjana, mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo.

"Sheikh Ghalib, bin Muhsin, ndugu yangu! Usiwe mtu wa kungoja bure. Nakuuliza. Bwana yule aliposema neno lile, alikuwa nchi kavu au chomboni?"

"Alikuwa chomboni."

"Ahaa! Basi mtu aliye chomboni akisema demani hasemi majira. Anasema upande! Upande wa joshi ndiko upepo unakotoka, na upande wa demani ndiko unakokwenda. Bwana amekwambia ukae upande wa demani wa chombo uvue, basi. Majira yoyote. Hata kesho!"

Mwenye njaa akisikia "kesho" na "demani" huchagua "kesho". Sheikh Ghalib akamkumbatia Mfaume mbele ya watu, na asubuhi yake wakashusha ngalawa, Kusi ikiwa imeamka vibaya.

Vita vya kwanza havikuchukua muda. Ngalawa ilipotoka nyuma ya kinga ya ufuko, Kusi iliipokea kwa mikono miwili. Sheikh alikaa upande wa demani kama alivyoelekezwa, maji yakimchapa mgongoni, akainua ufito kwa heshima zote, akaurudisha nyuma, akaurusha. Unyoya ulikwenda hatua chache, ukakutana na upepo unaozunguka chini ya tanga, ukabadili nia. Mara ya kwanza ulimvua Mfaume kofia. Mara ya pili ulilipasua tanga. Mara ya tatu Sheikh alivuta kwa nguvu zake zote, akihisi uzito wa kweli mwisho wa mshipi, akapiga kelele, "Nimenasa! Mfaume, nimenasa!" na kweli alikuwa amenasa, kwani ndoana ilikuwa katikati ya ndevu zake. Siku hiyo Sheikh Ghalib alijivua mwenyewe. Mfaume aliitoa ndoana kwa kisu, na nusu ya ndevu ikaenda nayo.

Bi Jokha alimtazama mumewe akiingia, ameloa, kidevu kimepungua. Akaingia ndani, akarudi na taulo na kikombe cha chai ya tangawizi. Kisha akasema, "Leo upande mmoja tu?" na akakimbilia jikoni kucheka.

Miezi ya kunde ikapita, na Kusi, kama majitu yote, ikachoka. Minazi ikaacha kupigana, ikaanza kunong'ona. Bahari ikawa samawati, na asubuhi ukungu mwepesi ukalala juu ya Mlango wa Mafia. Demani, malkia wa majira, ikaingia Bweni.

"Sasa," alitangaza Sheikh Ghalib, "ndiyo majira yenyewe. Mfaume na pande zake akae kando."

Lakini alikuwa mtu wa fahari, na mtu wa fahari hachagui mahali pa kawaida pa kupigania. Akaenda Ras Mkumbi, upande wa nje wa rasi, chini ya mnara, ambako mawe yanatazamana na bahari kuu, kwa kuwa alitaka kusimama uso kwa uso na upepo. Upepo ulikuwa laini kweli, lakini unyoya nao ulikuwa unyoya. Kila alipourusha ulikwenda urefu wa mkeka, ukafikiri, ukarudi kumpiga machoni. Manyoya ya mkebe yakapotea moja moja, mengine miambani, mengine kwenye kanzu, moja halikuonekana tena mpaka leo. Likabaki la mwisho. Sheikh hakulirusha tena, aliliacha lidondoke tu, miguuni pake, kati ya mawe.

Na mshipi ukakaza!

"Bismillahi!" Akavuta. Kukaja kishindo, kukaja povu, akavuta tena, na juu ya mwamba akatua samaki mnene, mwenye macho makubwa na meno mawili mbele, ambaye alipoona hewa alivuta pumzi, akafura, akafura, akawa mviringo, akamtazama Sheikh Ghalib kwa dharau isiyo na mfano.

Alikuwa bunju. Katika viumbe vyote vya bahari ya Mafia, alimpata yule ambaye mtu akimla, jirani wanaanza kuchonga ubao wa kaburi. Kombo, ambaye bila shaka alikuwa hana kazi siku hiyo, alikuwa amekaa juu ya jiwe la mbali akiangalia. "Mle basi, Sheikh!" akapaza sauti. "Ni wa mkono wako!" Na bunju, kama aliyesikia, akakata mshipi kwa meno yake, akabingirika hadi majini, akaenda na unyoya wa mwisho.

Siku zilizofuata Sheikh Ghalib hakutoka barazani. Demani ilikuwa inazeeka. Karibuni upepo ungegeuka, Kaskazi ingerudi, na bahari ingempa kisogo mpaka mwaka mwingine. Mwaka mwingine wa kunde! Zaidi ya kunde kulikuwa na aibu. Kila aliyepita alimuuliza hali ya bunju. Alianza kufikiria ile kafara ya Mwalimu Iddi, na wazo hilo lilimuumiza zaidi ya njaa, kwani lilikuwa na maana moja tu, kwamba Kombo alikuwa amesema kweli na yeye ni mwanamume anayeapa ovyo.

Asubuhi moja alikwenda kukaa uani, maana barazani hapakuwa pa kukalika tena. Bi Jokha alikuwa amesimama na ungo, anapepeta mpunga uliotwangwa. Ungo ulipanda na kushuka, mchele ukarudi mahali pake kwa utii, na makapi yakainuka, yakachukuliwa na upepo, yakaenda taratibu, yakamwangukia Sheikh Ghalib kichwani. Hakujali. Mtu aliyetazamwa vile na bunju anajali nini?

"Ondoka hapo, Bwana," akasema Bi Jokha. "Umenikalia demani, utajaa makapi."

"Ah."

"Nakwambia ondoka. Ingekuwa kusi nisingepepeta kabisa, mchele wote ungekwenda kwa Kidawa. Leo ndiyo siku ya kupepeta, upepo mzuri wa demani, na wewe umekuja kukaa demani hasa. Makapi hayana pengine pa kwenda."

Sheikh Ghalib akainua kichwa. Kapi moja lilikuwa limemkaa juu ya jicho.

"Umesema nini?"

"Nimesema uondoke."

"La, kabla ya hapo! Demani. Umesema demani ipi, mke wangu? Ya majira au ya upande?"

Bi Jokha akamtazama kama mtu anayetazama jogoo aliyewika adhuhuri. "Zote mbili! Kwani nimekatazwa? Upepo ukiwa mkali makapi yatatii? Na upepo ukinijia usoni, makapi yatakwenda wapi, si machoni mwangu?" Akatikisa ungo. Makapi yakapanda tena, mepesi, mazuri, mbali, yakavuka ua mzima.

Enyi wasikilizaji, miji imejengwa kwa ufunuo mdogo kuliko huo. Sheikh Ghalib alisimama, makapi yakimwanguka mabegani, akausoma ulimwengu upya. Unyoya ni kapi! Katika majira ya demani, upepo laini unaobeba bila kunyakua; na kwa upande wa demani, mgongo kwa upepo, uso kwa maji tulivu! Bwana Unyoya, ambaye hakuwahi kujua kwamba neno lina milango miwili, safari hii alikuwa amepita yote kwa mpigo.

Kisha akakaa chini tena. "Manyoya yamekwisha," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Bi Jokha akaweka ungo chini. Kulikuwa na jogoo pale uani, mweupe, mwenye mkia wa kujivunia, aliyeitwa Liwali kwa jinsi alivyotembea, na Bi Jokha alimpenda jogoo yule kiasi cha kumnyima hata mgeni. Akamwita, akamshika, akafumba macho, akamng'oa manyoya mawili ya mkia. Liwali akalalamika mpaka mtaa wa pili. Halafu Bi Jokha akaleta sindano na uzi wa kushonea kofia, akaufunga unyoya kwenye ndoana mzungusho kwa mzungusho, kwa mshono ule ule wa kofia za Idi, kiasi kwamba unyoya ule wa Bweni ulikuwa umefungwa vizuri kuliko wa Ulaya. "Nenda," akasema. "Na usiape tena njiani."

Sheikh Ghalib hakwenda rasini. Alikwenda pwani ya kawaida ya Bweni, upande wa magharibi, pale pale Kidawa alipoacha ndara, akaipa minazi mgongo. Upepo wa demani ukatoka nyuma yake, ukapita juu ya bega, ukaenda baharini polepole kama mtu anayekwenda harusini mapema. Habari ilikuwa imetangulia. Wanawake walikuja na ndoo zao, safari hii bila hofu. Mfaume alikuja na tanga lake lenye kiraka. Kombo alikuja, mikono nyuma, mdomo tayari.

Akainua ufito. Unyoya wa Liwali ukaenda nyuma, ukaja mbele, upepo ukaushika, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze unyoya haukurudi. Ukaenda. Ukaenda ukavuka maji ya magotini, ukavuka majani ya bahari, ukatua juu ya maji maangavu bila hata kuyaamsha. Watu wote wa pwani wakashusha pumzi. Sheikh akauvuta kidogo, kama alivyomwona Bwana akifanya, na unyoya ukatetemeka.

Kitu kikang'aa chini yake. Mshipi ukakaza!

"Usivute!" akapiga kelele Mfaume. "Vuta!" akapiga kelele Kidawa. Sheikh akavuta na hakuvuta, akarudi nyuma, akakanyaga kanzu, akaanguka chali, ufito umesimama kama mlingoti wa bendera, na akiwa chali vile vile, miguu juu, aliendelea kupigana. Adui alikwenda kulia, akaenda kushoto, akaruka juu ya maji na kuonyesha fedha ya ubavu wake. Sheikh akazungusha gurudumu, jasho na mchanga usoni, akimtaja Mungu na marehemu baba yake kwa zamu. Na baada ya mapambano ambayo Mfaume hadi leo huyasimulia kwa mikono miwili iliyotanuliwa, adui akafika mchangani, akapigapiga mkia, akasalimu amri.

Alikuwa chaa. Urefu wake ulikuwa kiganja cha mtu, ukiondoa vidole.

Pwani nzima ikapasuka vigelegele. Kombo akainama, akamtazama samaki kwa makini, akasema: "Huyu dema langu lingemwachia."

Sheikh Ghalib, akiwa bado chini, kanzu imepakaa mwani, akamwinua chaa kwa mikono miwili.

"Dema lako lingemwachia, Kombo," akajibu. "Mimi sikumwachia."

Na watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa upande wake. Chaa akapelekwa nyumbani kwa maandamano, akatanguliwa na Mfaume akiimba wimbo aliotunga njiani usiokuwa na vina wala adabu. Kombo aliwafuata nyuma akikuna sikio. Mlangoni akamvuta Sheikh kando, akatazama huku na huku. "Huyo Liwali," akasema, "hana unyoya mwingine wa ziada? Sikio linaniwasha tu." Asubuhi yake walioamka mapema walimkuta pwani, ameupa upepo mgongo, fimbo ya mwanzi mkononi.

Bi Jokha akamkaanga chaa. Hakukuwa na haja ya chungu, kikaango kidogo kilitosha na kikabaki na nafasi. Akamweka kwenye sahani kubwa ya harusi, katikati kabisa, na ndimu pembeni. Sheikh Ghalib akasema bismillahi, mkono ukanyoshwa, ukasimama. Nyumba nzima ilikuwa imejaa watu, wanaume barazani na wanawake mlangoni, wote wakimtazama. Akampasua samaki katikati, akainuka, akapeleka nusu hadi mlangoni.

"Nusu hii ni ya aliyepepeta," akasema.

Bi Jokha alitaka kukataa. Kisha akapokea, akaweka kipande mdomoni, na akafumba macho kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kipande kidogo namna ile. Kidawa hakuweza kujizuia.

"Sheikh, mpe hata kichwa. Mwenzio hajaonja samaki tangu siku ile ulipoapa. Kila siku anatupikia sisi, yeye anakula kunde."

"Nyamaza wewe, Kidawa."

Sheikh Ghalib alimtazama mkewe. Zile jioni zote, sahani mbili za kunde, moja huku na moja kule, ukuta katikati! "Mbona ulikuwa unausifu mchuzi?"

"Nilikuwa nasifu nilivyoupika. Kuujua mchuzi wangu lazima niuonje?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungeapa tena," akasema Bi Jokha.

Machozi yakamjaa Sheikh Ghalib, na akadai ni pilipili, ingawa pilipili haikuwapo. Akampa na kichwa. Wakala pale pale mlangoni, mbele ya watu, jambo ambalo Bweni haikuwa imeliona kwa mume na mke wa nyumba ile, na walipomaliza ilibaki miiba iliyosafika kiasi kwamba paka aliyekuja kuikagua aliondoka na uchungu.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyokaa. Wengine huhesabu miaka kwa wafalme na wengine kwa vita. Bweni, kwa muda mrefu, ilihesabu kwa samaki mmoja. Ukiuliza mtoto fulani alizaliwa lini, utaambiwa alizaliwa baada ya chaa. Ukiuliza kisima kilichimbwa lini, kilichimbwa kabla ya bunju. Na wavuvi wa Kiingereza waliopita baadaye na fito zao, wakisimama barazani na kumuuliza Sheikh Ghalib bin Muhsin ni majira gani yaliyo bora kuvua kwa unyoya, yeye alizipapasa ndevu zake, ambazo upande mmoja hazikuota sawasawa tena, akajibu kwa neno moja.

"Demani."

Na kabla mgeni hajauliza ni demani ipi, kutoka uani, juu ya mdundo wa ungo, sauti ya Bi Jokha ilikuwa inajibu:

"Zote mbili!"